TAA ZILIZO MBELE YA DEREVA: MAANA YAKE, NA GHARAMA ZA KULITUNZA GARI



Zamani habari za gari zilikuwa za dereva na tajiri yake tu. Siku hizi mambo yamebadilika. Wachuma chai, wakata miwa na wenzetu wa viwandani wamejiunga katika vikundi vya akiba na mikopo, na vikundi vingine vimenunua gari la pamoja. Tena kila shamba kubwa na kila kiwanda kina madereva wa lori, trekta na pikapu, na hao ni wanachama wetu. Gari likiharibika, hasara humwangukia mfanyakazi kwa njia moja au nyingine. Kwa hiyo yafaa sote tujue gari linasema nini linapowasha taa zake, na tujue mapema fedha zitakazohitajika.

Mimi si fundi. Niliishia darasa la saba, nikachuma chai miaka mingi, ndipo nikawa mtumishi wa chama. Haya ninayoyaandika niliyapata kwa hasara, na hasara yenyewe nitaieleza kwanza ili msomaji ajue kwa nini nayasema.

HASARA TULIYOIPATA

Kikundi chetu kina watu 42 wa shamba la chai upande wa Fort Portal, Uganda. Mwaka 2016 tulinunua Hiace ya dizeli iliyotumika Japani, iliyotengenezwa mwaka 1999. Asubuhi ilipeleka watoto shule, mchana ilichukua abiria kwenda mjini, na usiku ilikaa tayari kwa mgonjwa. Mimi nilikuwa mweka hazina.

Mwaka 2019, mita iliposoma kilometa 200,000, taa iliyoandikwa T-BELT iliwaka. Dereva wetu hakuficha, alinijia siku ile ile. Tukaenda kwa fundi, naye akatuambia kwamba taa hiyo inadai mkanda wa taimingi ubadilishwe, na kwamba mkanda, vigurudumu vyake na ufundi ni shilingi 500,000. Katika sanduku tulikuwa na shilingi 380,000. Mimi ndiye niliyesema, "Gari linakwenda vizuri, inayosumbua ni taa tu." Fundi akafungua pale mbele ya usukani, akaitoa balbu, tukamlipa shilingi 10,000. Katika mkutano uliofuata nikawaambia wanachama kwamba taa imetengenezwa. Wakapiga makofi.

Gari likaenda kilometa 11,400 zaidi. Siku moja likiwa kwenye mlima na abiria ndani, mkanda ukakatika. Katika injini ya namna ile mkanda huo ndio unaofanya valvu na pistoni zipishane bila kugongana. Ukikatika, zinagongana. Valvu zilipinda, silinda hedi ikapasuka, pistoni mbili zikaumia. Matengenezo yalikuwa shilingi 4,300,000, na gari lilikaa gereji majuma kumi. Katika majuma hayo mke wa mwenzetu alishikwa na uchungu usiku, tukampeleka hospitali kwa boda boda katika mvua. Alifika salama na mtoto yu hai, lakini usiku ule sitausahau.

Fundi wa pili alipofungua injini alinionyesha karatasi iliyobandikwa kwenye kifuniko cha mkanda. Maandishi yalikuwa ya Kijapani, lakini tarakimu zilikuwa hizi hizi tunazotumia sisi: 98,000 km. Hapo ndipo mkanda ulipobadilishwa Japani. Kila mtu katika kikundi angeweza kuzisoma tarakimu zile, ila hakuna aliyetazama.

Ilinibidi nisimame mbele ya wenzangu nikiri kwamba neno "imetengenezwa" lilikuwa la uongo. Waliniondoa katika hazina, wakanipa kazi ya kuandika daftari la gari. Daftari hilo ndilo ninalolitumia katika makala haya.

TAZAMA RANGI KWANZA

Taa za gari hufuata rangi, na rangi zina maana karibu sawa katika magari yote.

Nyekundu ni hatari. Taa nyekundu ikiwaka gari likiwa linakwenda, simama mahali pa salama, ukague kabla ya kuendelea.

Manjano ni onyo. Gari linaweza kufika nyumbani au gereji, lakini jambo hilo lisikae mwezi mzima.

Kijani na buluu ni habari tu. Zinakuambia kwamba taa za mbele zinawaka au kwamba injini bado ni baridi.

Kuna jaribio moja ambalo kila mwenye gari hana budi kulifanya, hasa anayetaka kununua. Zungusha ufunguo mpaka taa ziwake, lakini usiwashe injini. Taa za oili, betri, breki na injini lazima zionekane. Kisha washa injini, nazo lazima zizime, ile ya breki baada ya kushusha breki ya mkono. Ikiwa taa mojawapo haikuwaka kabisa, uliza sababu. Huenda balbu imekufa, na huenda mtu ameitoa kama tulivyofanya sisi.

TAA NYEKUNDU

1. Alama ya kopo la oili lenye tone. Maana yake msukumo wa oili ndani ya injini umeshuka. Zima injini papo hapo. Usiseme utafika kituo kinachofuata, kwa sababu injini isiyopata oili huweza kufa katika dakika chache. Gari likiwa mahali pa sawa, ngoja kidogo, chomoa kijiti cha kupimia, kifute, kirudishe, ukitoe tena uone kiwango. Oili ikiwa imepungua, ongeza. Taa ikiendelea kuwaka ijapokuwa oili imejaa, gari livutwe, lisiendeshwe.

2. Alama ya kipimajoto. Injini imechemka. Simama, zima, ngoja ipoe. Usifungue kifuniko cha rejeta ikiwa ya moto, kwa maana maji yataruka na kukuunguza uso. Ikishapoa, tazama kama maji yamepungua, mpira umepasuka au feni haizunguki.

3. Alama ya betri. Wengi hudhani betri imekufa. Mara nyingi betri ni nzima, ila haipati chaji kutoka kwa alteneta, au mkanda wa nje unaoizungusha umelegea au umekatika. Katika magari mengi mkanda huo huo huzungusha na pampu ya maji. Kwa hiyo fungua boneti uangalie kabla injini haijachemka.

4. Alama ya mviringo yenye nukta ya mshangao, au neno BRAKE. Kwanza angalia kama breki ya mkono imeachwa juu. Ikiwa imeshushwa na taa bado inawaka, mafuta ya breki yamepungua. Yamepungua ama kwa sababu pedi zimekwisha ama kwa sababu yanavuja. Gari la namna hiyo halipakii watu.

TAA ZA MANJANO

Alama ya injini, au neno CHECK, hutoka kwenye kompyuta ya gari. Ikiwaka bila kupepesa, kuna hitilafu iliyoandikwa katika kompyuta, na fundi mwenye mashine ataisoma kwa kuchomeka waya, mara nyingi chini ya usukani. Sababu huweza kuwa kubwa, tena huweza kuwa kifuniko cha tangi la mafuta kisichokazwa. Ikipepesa, injini inakosa moto katika silinda. Punguza mwendo na usiilazimishe. Jambo moja lifahamike: mashine husema mahali pa kutafuta, haisemi kila mara kifaa cha kununua. Fundi anayesoma namba na papo hapo kutaka fedha za kifaa kipya, mwombe kwanza akuonyeshe jinsi alivyokipima.

Katika dizeli kuna alama ya waya uliojisokota. Ngoja izime ndipo uwashe injini. Ipo pia taa ya filta ya dizeli yenye maji. Maji hayo hufunguliwa kwa chini ya filta, ni kazi ya dakika chache. Ukiyaacha yataharibu pampu, na pampu ya dizeli ni moja ya spea zilizo ghali mno.

TAA YA KUKUMBUSHA MATENGENEZO

Hii ndiyo inayowachanganya watu wengi. Huwa ni alama ya spana, au maneno MAINT REQD, au kama kwetu, T-BELT. Haisemi kwamba kitu kimeharibika. Katika magari mengi inahesabu kilometa tu, na zikitimia inawaka. Magari mengine mapya hukadiria pia kwa joto la injini na safari zilizofanywa. Hata hivyo taa hii ni kama karani wa mahudhurio: anajua siku ulizofanya kazi, hajui mgongo unakuumaje.

Kutokana na hayo tunapata mambo matatu.

Kwanza, kuizima taa hakubadilishi oili. Taa hii huzimwa kwa kubonyeza kitufe cha mita wakati wa kufungua ufunguo, au kwa kugeuza kitu kidogo nyuma ya mita. Mtu yeyote aweza kufanya hivyo kabla ya kuuza gari. Kwa hiyo taa iliyozimika si ushahidi wa kazi. Ushahidi ni risiti, daftari, na oili yenyewe kwenye kijiti.

Pili, gari lililotoka Japani lilipangiwa hesabu za Japani, ambako barabara ni za lami. Hapa tuna vumbi, milima, matope na mzigo mzito. Vitabu vya magari vyenyewe husema kwamba katika kazi ngumu ya namna hiyo oili na filta zibadilishwe mapema zaidi. Sisi tunabadilisha oili kila kilometa 5,000, wala hatungoji taa.

Tatu, soma karatasi zilizobandikwa. Kwenye fremu ya mlango wa dereva na ndani ya boneti mafundi wa Japani hubandika kilometa na tarehe ya kazi. Miaka mingine huandikwa kwa hesabu ya utawala wa mfalme wao: Heisei 30 ni mwaka 2018, Reiwa 1 ilianza mwaka 2019, kwa hiyo Reiwa 5 ni 2023. Kilometa za karatasi zikiwa nyingi kuliko za mita, basi mita imerudishwa nyuma. Usinunue.

HESABU YA GHARAMA

Watu husema matengenezo ni ghali kwa sababu wanalipa siku moja kwa kazi ya miezi miwili. Njia nzuri ni kugawa gharama kwa kilometa. Bei zifuatazo ni za daftari letu, kwa shilingi za Uganda. Kwenu zitakuwa nyingine, lakini njia ya kuhesabu ni ile ile.

Kila kilometa 5,000: oili lita 6 kwa 20,000 ni 120,000, filta ya oili 20,000, ufundi 20,000. Jumla 160,000. Gawa kwa 5,000, ni shilingi 32 kwa kilometa.

Kila kilometa 10,000: filta ya dizeli 30,000 na filta ya hewa 30,000. Jumla 60,000, ni shilingi 6 kwa kilometa.

Kila kilometa 20,000: pedi na kazi ya breki 200,000, ni shilingi 10 kwa kilometa.

Kila kilometa 40,000: tairi nne kwa 300,000, yaani 1,200,000, ni shilingi 30 kwa kilometa.

Kila kilometa 100,000: mkanda wa taimingi 500,000, ni shilingi 5 kwa kilometa.

Ukijumlisha yote unapata shilingi 83. Sisi tunaweka shilingi 100, na zile 17 zinazobaki ni za balbu, maji ya rejeta na mafuta ya breki, ambayo hubadilishwa kila baada ya miaka miwili hata kama gari halikwenda mbali. Gari letu huenda karibu kilometa 100 kwa siku. Kwa hiyo kila jioni dereva anapoleta hesabu, shilingi 10,000 huwekwa kwenye sanduku la matengenezo kabla ya kitu kingine chochote. Baada ya siku 50 kilometa 5,000 zimetimia, na fedha za oili zipo na za ziada zipo.

Tazameni shilingi 5 ile ya mkanda. Tangu 2016 tungaliiweka kila kilometa, tusingalifika 2019 tukiwa na upungufu wa 120,000. Kwa upungufu huo tulilipa 4,300,000, zaidi ya mara nane ya bei ya mkanda. Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Si kila gari lina mkanda huo. Magari mengi madogo ya petroli ya siku hizi yana mnyororo, na mnyororo hauna siku maalumu ya kubadilishwa, ila unataka oili safi. Tena magari mengine ya mkanda huhesabu kilometa 150,000 badala ya 100,000. Uliza kabla ya kununua, uandike jibu katika ukurasa wa kwanza wa daftari.

UKIWA GEREJI

1. Patana bei ya ufundi kabla spana haijagusa gari.
2. Nunua oili katika kopo lililofungwa, aina iliyotajwa katika kitabu cha gari, na ulifungue wewe mwenyewe.
3. Simama uone oili ya zamani ikimwagwa na filta ya zamani ikitolewa.
4. Kila kilichobadilishwa, omba cha zamani. Fundi mwaminifu hakasiriki.
5. Pata risiti, uandike tarehe na kilometa. Mali bila daftari hupotea bila habari.

KWA MADEREVA WALIOAJIRIWA

Ndugu dereva, gari la kampuni likifa barabarani, swali la kwanza ni "Nani alikuwa anaendesha?" Mwaka mmoja dereva wa pikapu wa kiwanda kimoja aliambiwa kwamba gharama ya injini itakatwa katika mshahara wake kidogo kidogo. Kosa lake, walisema, ni kwamba aliendesha gari taa ya joto ikiwaka. Lakini dereva huyo alikuwa na daftari. Kila asubuhi aliandika tarehe, kilometa, taa iliyowaka, na jina la msimamizi aliyemwambia. Mara tatu aliandika kwamba rejeta inavuja, na mara mbili msimamizi alikuwa ametia sahihi. Tawi lilipeleka daftari hilo mezani. Mazungumzo hayakuchukua saa moja, na makato hayakufanyika.

Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani namba 95 wa mwaka 1949, unaohusu kulinda mishahara, unasema kwamba makato hufanywa tu kwa masharti na kwa kiasi kilichowekwa na sheria za nchi, au na mkataba wa pamoja, au na uamuzi wa usuluhishi. Hasira ya msimamizi haimo katika orodha hiyo. Kwa hiyo fanya mambo haya:

Kagua oili, maji, tairi na taa kila asubuhi kabla ya kutoka. Dakika kumi zinatosha, na dakika hizo ni sehemu ya kazi, zihesabiwe katika saa za kazi.

Taa ikiwaka, toa habari kwa maandishi na ubaki na nakala. Asiyetaka kutia sahihi, andika jina lake na saa uliyomwambia, na shahidi akiwepo mwandike.

Ukiamriwa kuendesha gari lenye taa nyekundu ya breki au ya oili, eleza kwa heshima kwamba si salama, kisha mwite mwakilishi wa chama mara moja. Ukumbuke kwamba nyuma ya lori wamekaa wachumaji, nao ni wenzako.

Usitie sahihi karatasi yoyote ya kukubali makato kabla tawi halijaiona.

MWISHO

Hiace yetu bado inakwenda. Balbu ya T-BELT ilirudishwa mahali pake, na kila mwanachama ana ruhusa ya kuomba daftari la gari na kulisoma, hata siku ya Jumapili. Kwenye kifuniko cha mkanda, chini ya karatasi ile ya Kijapani, tumebandika yetu kwa Kiswahili: "Umebadilishwa kilometa 211,400. Badilisha tena kabla ya 311,400." Niliiandika mwenyewe kwa mkono wangu, kwa wino usiofutika.

Vikundi vyenye gari, lisomeni jambo hili pamoja katika mkutano wenu ujao, na mteue mtu wa daftari asiyekuwa dereva wala mweka hazina. Madereva, anzeni daftari lenu kesho asubuhi.

Umoja ni nguvu.